Siku Nne Ndani ya Theluji: Mambo ya Kuandaa Kabla Njia Haijafungwa

Mvua ziko mlangoni, na kipindi kama hiki kila mwaka huwa naandika kuhusu mbegu na mbolea. Hayo tutayafikia wiki ijayo. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo halimo kwenye kalenda ya kilimo: namna kaya inavyoweza kukaa siku nne au tano bila njia, bila umeme na bila duka, na watu wote wakatoka salama.

Mfano nitakaoutumia ni wa mbali. Desemba 2022 nilikuwa likizo kwa mdogo wangu wa kike anayeishi Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Dhoruba ya theluji ilitufungia ndani kuanzia Ijumaa tarehe 23 hadi Jumanne tarehe 27. Wengi wenu mmeniuliza habari za safari ile, na swali linalorudi ni hili: inakuwaje nchi tajiri, yenye lami mpaka mlangoni, watu wafe kwa baridi katikati ya mji? Jibu la swali hilo lina faida kwetu huku milimani kuliko picha nilizowaonyesha kwenye simu.

Kilichotokea

Buffalo iko mwisho wa Ziwa Erie, upande wa mashariki. Mwezi Desemba maji ya ziwa hilo kwa kawaida huwa bado hayajaganda, kwa hiyo yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Upepo wa baridi kali ukitoka magharibi na kupita juu ya ziwa kwa urefu wake wote, unabeba mvuke, na ukifika nchi kavu unaumwaga kama theluji. Ndugu zetu wa kando ya Ziwa Nyasa wanaujua mchezo wa ziwa na upepo. Tofauti ni kwamba mvua yetu inatiririka kwenda mtoni, theluji inabaki pale pale na kurundikana.

Watabiri wa hali ya hewa walitangaza siku kadhaa kabla. Ijumaa asubuhi joto lilishuka ghafla, kutoka juu ya sifuri hadi zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ndani ya saa chache. Upepo ulivuma kwa zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Theluji ya namna hiyo haishuki taratibu kama kwenye filamu. Inakuja kwa ubavu, inapiga uso kama mchanga, na hatua mbili mbele huoni kitu. Hali hiyo ya kutoona iliendelea mchana na usiku, zaidi ya siku nzima. Mpaka dhoruba inakwisha, kipimo cha uwanja wa ndege wa Buffalo kilionyesha zaidi ya sentimita 130 za theluji. Pale upepo ulipoisukuma ukutani, ilipita madirisha.

Ule ni mji uliozoea theluji. Una magreda ya kuisukuma na watu wanaojua kazi hiyo tangu utoto. Magreda yalinasa. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa nayo yalinasa. Aliyepiga simu ya dharura alisubiri kwa saa nyingi, na wapo ambao hawakufikiwa kabisa. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika Buffalo na maeneo ya jirani.

Taarifa zilipotangazwa baadaye nilizifuatilia kwa makini, maana nilitaka kujua kilichowaua. Wapo waliokutwa barabarani. Wapo waliokutwa ndani ya magari yaliyonasa. Wengine walikutwa ndani ya nyumba zao zisizo na joto. Wengine moyo ulisimama wakiwa wanaondoa theluji mlangoni, na wengine walikuwa wagonjwa ambao msaada haukuwafikia kwa wakati. Ukiyapanga hayo utaona makundi mawili makubwa: aliyekuwa njiani na aliyekuwa peke yake. Ndiyo maana makala hii inaanza na hao, chakula kitafuata.

Aliye njiani

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliingia zamu ya usiku Alhamisi, na Ijumaa asubuhi waliopaswa kumpokea hawakuweza kufika. Kutoka pale hadi nyumbani ni kilomita sita tu. Siku ya kawaida ni dakika kumi na tano kwa gari.

Jioni ile umeme ulikatika kwetu. Shemeji aliposikia, akasema anakuja, na kama gari halitapita atatembea. Mdogo wangu akanipa simu. "Kaka, zungumza naye wewe. Mimi hanisikilizi."

Nikamwambia, "Shemeji, ukinasa njiani nani atakuja kukutoa?"

"Watoto wako gizani, shemeji. Nitakaaje huku?"

"Watoto wana mama yao na wana mjomba wao. Wewe una paa na una joto. Na hao wazee ukiwaacha, nani atawageuza kitandani usiku?"

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema sawa. Alilala sakafuni usiku nne, yeye na wenzake watatu, wakipokezana kuhudumia wazee. Jumanne upepo ulipokuwa umetulia alirudi kwa miguu, mchana kweupe, akiwa mzima.

Amri ya kuzuia magari barabarani ilitolewa Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi walikwisha kwenda kazini. Waliojaribu kuwahi nyumbani mchana ule ndio wengi walionasa. Na jambo linaloumiza ni kwamba karibu kila aliyetoka alikuwa na sababu nzuri: kazi, dawa, maziwa ya mtoto, mzazi mgonjwa. Mto uliofurika huku kwetu nao hauulizi sababu. Kila msimu tunasikia mtu aliyeingia kwenye maji kwa sababu ng'ambo anaiona kwa macho.

Kwa mwenye bodaboda, gari la mzigo au safari ya mnadani, shika haya:

1. Ukisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, fanya safari yako kabla au iahirishe. Usipange kupita "katikati ya mvua mbili".
2. Ukikutwa mahali penye paa na watu, baki hapo hata kama kwako ni karibu. Piga simu useme uko wapi.
3. Kwenye theluji, gari likinasa wanashauri ubaki ndani, maana nje utapotea ndani ya hatua chache. Injini washa dakika kama kumi tu kila saa, fungua kioo kidogo, na kwanza hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji. Likizibwa, moshi unarudi ndani na kuua. Kwenye mafuriko ni kinyume: maji yakianza kupanda, toka kwenye gari mapema uende juu.
4. Ukizidiwa, ingia popote penye watu. Jirani na Buffalo, mtu mmoja aliyenaswa njiani alivunja dirisha la shule iliyofungwa, akaingiza zaidi ya watu 20 waliokuwa wamekwama kwenye magari, akaacha barua ya kuomba radhi. Polisi hawakumkamata, walimtafuta ili wamshukuru. Kioo kinanunuliwa.

Moto ndani ya nyumba

Hapa naomba usome polepole, hasa wewe wa Makete, Kitulo na Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba tunaamka sakitu imelala kwenye viazi.

Nyumba nyingi za Buffalo zinapashwa joto na mashine ya gesi iliyo chumba cha chini ya ardhi. Gesi ipo, lakini feni inayosukuma joto vyumbani inatumia umeme. Umeme ukikatika, nyumba inapoa hata kama gesi haijakatika. Sisi tulikuwa ghorofa ya juu. Chini yetu inakaa familia ya Wakongo kutoka Bukavu, baba, mama na watoto wanne. Mji ule una Wakongo na Warundi wengi waliopokelewa kama wakimbizi, na upande ule wa magharibi ya mji Kiswahili utakisikia hata kituo cha basi.

Usiku wa Ijumaa tuliamua kukaa wote chumba kimoja, kwao chini. Tukaning'iniza mablanketi mlangoni na madirishani, tukatandika magodoro sakafuni, watoto katikati. Yule mama akaniambia, "Baba, batoto banasikia baridi. Tulete makala humu ndani." Nikashangaa kidogo, maana mimi makala naandika kwenye ukurasa huu. Kwao makala ni mkaa. Walikuwa na jiko la kuchomea nyama la nje na gunia dogo la mkaa.

Nilimwambia, "Mama, baridi hii tutaivumilia mpaka asubuhi. Mkaa ule hatutafika asubuhi."

Baba mwenye nyumba akaniunga mkono, maana kwao Bukavu alishashuhudia. Tukaliacha jiko nje kwenye ngazi.

Sababu ni hii. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho kama moshi. Inashikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua vizuri. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyekwisha lala hapati hata hizo dalili. Mkaa uliokolea mpaka ukawa mwekundu bila moshi bado unaitoa. Kufungua kidirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Kwenye dhoruba za theluji gesi hii hii inaua kupitia jenereta lililowekwa ndani, gari lililowashwa bandani, au jiko la gesi lililoachwa likiwaka usiku kucha kama hita.

Kule sheria inataka nyumba ziwe na kifaa kinachopiga kelele gesi hiyo ikiingia. Huku kifaa hicho wengi wetu hatuna, kwa hiyo kinga yetu ni kanuni moja isiyo na mjadala: jiko la mkaa halilali ndani na watu. Kila mwaka wa baridi tunasikia mahali fulani familia imekutwa asubuhi haiamki, jiko likiwa katikati ya chumba. Ni msiba ambao hauhitaji pesa kuuzuia.

Badala yake fanya tulivyofanya sisi. Chumba kimoja, kidogo, watu wengi. Nguo nyepesi tatu zinashinda koti moja zito, kwa sababu hewa iliyo katikati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Soksi zikilowa, vua. Chupa za maji ya moto zifungwe kitambaa ziwekwe miguuni. Chemsha chai na uji kwenye jiko la kupikia huku umefungua dirisha, kisha zima.

Aliye peke yake

Nyumba ya pili anaishi bibi mmoja Mmarekani Mweusi, mjane, watoto wake wako miji mingine. Alhamisi mdogo wangu alikuwa amempelekea mkate na kuchukua namba yake ya simu, wakakubaliana atampigia asubuhi na jioni. Ijumaa jioni alipokea. Jumamosi asubuhi hakupokea. Tukapiga tena baada ya nusu saa, kimya.

Kati ya nyumba na nyumba pana uchochoro wa mita nne. Kwenye upepo ule mita nne ni safari. Tulitafuta kamba ya manila ya kufungia mizigo, nikafunga kiunoni, baba wa Kikongo akashika upande wa pili mlangoni. Tulipatana: nikivuta mara mbili anilegezee, nikivuta mfululizo anirudishe. Theluji ilinifika kifuani. Niliichimba kwa beleshi, kidogo kidogo, nikipumzika, kwa sababu kazi hiyo kwenye baridi ndiyo inayosimamisha moyo wa watu. Ilinichukua karibu saa nzima kufika mlango wake wa nyuma.

Alifungua mwenyewe, akiwa amejifunika mablanketi matatu, midomo imebadilika rangi na maneno yanatoka taratibu. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Kwake nako umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa usiku. Nilimvalisha makoti mawili, nikachukua mfuko wa dawa zake za shinikizo la damu uliokuwa mezani, nikamfunga kamba mbele yangu, tukarudi kwa kufuata mtaro niliouchimba.

Chumbani tulimpa chai ya vuguvugu yenye sukari na kumweka katikati ya watoto. Mtu aliyepoa hivyo hasuguliwi mikono wala miguu, na haogeshwi maji ya moto. Anapashwa kifua na tumbo kwanza, taratibu, kwa nguo kavu na joto la miili ya wenzake. Vidole vikishakufa ganzi na kuwa vyeupe, maji ya vuguvugu tu, na hospitali njia ikifunguka.

Jioni alichangamka, akatusimulia dhoruba ya Januari 1977, alipokuwa binti. Mwaka ule ziwa lilikuwa limeganda, na upepo ukasomba theluji yote iliyolala juu ya barafu na kuitupa mjini. Watu 29 walihesabiwa kufa. Alisema tangu mwaka ule mama yake alikuwa anaandika namba za majirani kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila mwaka majira ya baridi yakianza anapita kuuliza nani ameongezeka na nani amehama.

Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka uige. Kwenye kitongoji chako wapo wazee wanaoishi peke yao, wajane, mama aliyejifungua juzi, mtu anayetumia dawa kila siku. Gawaneni majina kabla ya mvua. Kila nyumba moja iangalie nyumba moja, asubuhi na jioni, kwa simu au kwa kugonga. Akikosa kujibu mara mbili, mtu anakwenda. Wenzetu wa Buffalo walioishi kwenye nyumba za kupanga ambako hakuna anayemjua mwenzake, baadhi yao walikutwa siku kadhaa baadaye. Majirani walikuwa upande wa pili wa ukuta.

Chakula, maji na dawa

Mdogo wangu alinunua vitu vyake Jumanne na Jumatano, kabla ya msongamano wa Alhamisi. Hesabu yake ilikuwa siku saba kwa kila mtu, ingawa utabiri ulisema siku mbili tatu. Alichonunua hakikuwa cha ajabu:

- Mchele, unga wa mahindi, maharage yaliyopikwa tayari ya kopo, karanga, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, maziwa ya unga.
- Vyakula vinavyoliwa bila kupika, kwa siku moja nzima, endapo hata gesi itakatika.
- Maji ndoo tatu na sufuria zote zilizokuwa na mfuniko. Kwenye baridi mabomba hupasuka, maana maji yakiganda yanatanuka. Kule wanaacha koki idondoshe taratibu ili maji yasiganda ndani ya bomba.
- Dawa ya pumu ya mtoto wa mwezi mzima, dawa za maumivu, chumvi chumvi za kuharisha, pedi za wanawake.
- Tochi mbili, betri, viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni, pawabenki iliyojaa chaji. Simu tulitumia moja kwa zamu, nyingine zote zikazimwa.

Usifikiri theluji ni maji ya bure. Ndoo kama kumi za theluji laini zinakupa takriban ndoo moja ya maji, na kuyeyusha kunakula gesi nyingi. Kuila mbichi kunapoza mwili. Lakini ilitufaa kwa kitu kimoja: friji lilipozima tulitoa nyama na mboga tukaziweka nje kwenye boksi, zikakaa vizuri mpaka umeme uliporudi Jumapili jioni.

Siku hiyo ya Jumapili ilikuwa Krismasi. Yule mama wa Bukavu alitoa sombe aliyoihifadhi, ndiyo kisamvu chetu, mdogo wangu akapika wali na maharage, bibi akatoa keki aliyokwisha oka kwa ajili ya wajukuu ambao hawakuweza kuja. Tulikula watu kumi na moja kwenye sufuria tatu. Hakuna nyumba kati ya zile tatu ambayo peke yake ilikuwa na kila kitu: wao walikuwa na mboga, sisi nafaka na dawa, bibi alikuwa na mablanketi na radio ya betri tuliyoifuata siku ya pili upepo ulipopungua. Kwa hiyo unapoweka akiba yako, ulizia na ya jirani. Huna haja ya kuwa na vyote.

Kwa wafugaji

Miaka minane kabla ya dhoruba hii, Novemba 2014, theluji ilishuka kusini mwa Buffalo kwa zaidi ya mita moja na nusu sehemu nyingi, huku kilomita chache kaskazini watu wakitembea kwenye nyasi. Ni kama mvua ya mawe ya kwetu: shamba lako limelala chini, la jirani linatikisa majani. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walilazimika kumwaga maziwa, kwa sababu malori ya kukusanya hayakuweza kufika. Ng'ombe hajui kama njia imefungwa. Anataka kukamuliwa na anataka kula.

Wewe unayepeleka maziwa kituoni kila asubuhi, jiulize siku njia ikikatika utafanya nini na lita zako. Jifunze mapema kutengeneza mtindi na samli, na uwe na vyombo safi vya kutosha. Weka majani makavu au pumba za siku saba mahali pasipovuja. Kagua paa la banda sasa hivi. Kule baadhi ya mabanda yaliporomoka kwa uzito wa theluji. Huku paa linaondoka na upepo au nguzo inaoza chini kwa maji, na ng'ombe anayenyeshewa na kula kidogo anapunguza maziwa haraka.

Kwa wafanyabiashara

Mtaani kwa mdogo wangu kuna duka dogo la kona. Mwenye duka anaishi juu yake. Maduka makubwa yalifungwa siku zote zile, maana wafanyakazi wake wanatoka mbali. Yule wa kona Jumatatu alichimba njia mpaka mlango wa nyuma, akauza kwa mwanga wa tochi. Alimpimia kila mtu: maziwa paketi moja, mkate mmoja, ili wengi wapate. Mashine za kadi zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo wasio na fedha taslimu aliwaandika kwenye daftari. Bei haikupanda. Sheria ya jimbo la New York inakataza kupandisha bei za mahitaji muhimu kupita kiasi wakati wa dharura, lakini nilipomuuliza hakutaja sheria. Alisema, "Hawa watanunua kwangu miaka kumi. Dhoruba ni siku tano."

Chukua hesabu hiyo. Kabla ya mvua kubwa ongeza bidhaa zinazotoka na zisizoharibika: chumvi, viberiti, betri, unga, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa za maumivu. Weka juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Kuwa na chenji na fedha taslimu, maana mtandao ukikatika pesa ya simu haitoki. Na daftari la madeni liwe na kalamu inayoandika.

Kazi ya wiki hii

Usiache makala hii ibaki kwenye simu. Fanya haya kabla ya Jumapili:

1. Hesabu chakula, maji na dawa za siku saba kwa watu wa nyumbani kwako. Andika kinachokosekana na ukinunue kidogo kidogo.
2. Wafundishe wote nyumbani, na watoto pia, kwamba jiko la mkaa halilali ndani.
3. Andika namba za majirani watano kwenye karatasi na uibandike ukutani. Simu ikizima, namba zilizomo ndani nazo zinazima.
4. Chagua mtu mmoja anayeishi peke yake, nenda leo umwambie kwamba mvua zikianza utakuwa unamgongea asubuhi na jioni. Kubalianeni.
5. Kubalianeni nyumbani kwamba njia ikifungwa, aliye salama alipo anabaki alipo, na hakuna atakayemlaumu.

Hilo la mwisho lisemeni kwa sauti mkiwa wote mezani. Mume, mke na vijana wa bodaboda wasikie. Shemeji yangu aliniambia baadaye kwamba kilichokuwa kinamsukuma kutoka usiku ule haikuwa baridi ya watoto peke yake. Aliogopa kesho watu waseme alikaa kwenye joto huku familia yake iko gizani. Ondoeni aibu hiyo mapema, wakati jua linawaka.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mbegu za viazi na namna ya kutambua zenye ugonjwa kabla hujapanda. Kazi njema.